Laptopu inaganda, kisha inagoma kuwaka: tafuta ugonjwa kabla ya kupiga Windows

Dada mmoja, mwanafunzi wa uzamili, aliniletea Dell Latitude yake, akaiweka mezani hata kabla hajakaa. "Kaka, naomba unipigie Windows tu. Imeshapigwa mara mbili mwaka huu. Ikikaa wiki mbili tatu inaanza tena kuganda, na tangu jana haiwaki kabisa." Nikamuuliza humo ndani kuna nini. "Kuna tasnifu. Sura ya nne na ya tano." Na nakala nyingine iko wapi? Akainamisha kichwa.

Nikaiwasha. Taa ikawaka, nembo ikatokea, vidoti vikaanza kuzunguka na havikukoma. Nikatega sikio pale diski inapokaa. Tk. Kimya. Tk-tk. Kimya kirefu. Diski ilikuwa inakata roho. Mara zote mbili alizopigiwa Windows, mtu alichukua diski inayokufa akaimwagia mafaili mapya, na mashine ikaonekana imepona kwa sababu Windows mpya ilitua kwenye maeneo ya diski ambayo bado yalikuwa mazima. Tasnifu ilinusurika kwa sababu moja tu: aliihifadhi kwenye D, na waliompigia walifuta C peke yake.

Kupiga Windows, yaani kuifuta na kuisakinisha upya, ni tiba, tena ya ugonjwa mmoja kati ya mingi inayoleta dalili hizi. Mitaani tumeigeuza kuwa kipimo: mashine ikisumbua, piga kwanza, maswali baadaye. Anayelipa gharama ni mwenye picha za harusi, mwenye mahesabu ya duka, mwenye tasnifu. Hapa naeleza njia ninayopita mimi kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo. Inahusu laptopu za Windows, hasa Dell, HP na Lenovo zilizotumika, maana ndizo tulizonazo wengi wetu.

"Haiwaki" ina maana nne

Mteja akisema haiwaki, huwa simwelewi mpaka nione mwenyewe. Anaweza kumaanisha kwamba ukibonyeza kitufe hakuna taa, hakuna feni, hakuna kitu. Au taa inawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Au nembo ya kampuni inatokea halafu inaishia hapo, au yanakuja maandishi meupe kwenye weusi. Au Windows yenyewe inaanza, inazunguka, inarudi mwanzo, au inaleta kioo cha buluu.

Hizo ni hatua nne za safari moja. Umeme huamsha bodi, ubao mkuu wa ndani. Bodi hukagua prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na kioo. Kisha BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye bodi, hutafuta diski. Diski ikipatikana hukabidhi usukani kwa Windows. Ukijua safari imekatikia wapi, umeshaondoa nusu ya washukiwa. Laptopu iliyofika kwenye vidoti vinavyozunguka haina shida ya kitufe cha kuwashia. Laptopu isiyotoa hata taa haiwezi kuponywa kwa Windows mpya, na fundi anayekuambia hivyo mnyang'anye mashine yako kwa upole uondoke nayo.

Kuganda nako kuna aina zake. Kuna uzito, ambapo kishale kinasogea lakini kila kitu kinachukua dakika. Kuna kukwama kwa programu moja. Na kuna kuganda kwenyewe, kishale kimesimama na saa ya kwenye kona imesimama. Kipimo cha haraka hapo ni kubonyeza Caps Lock. Kama taa yake inawaka na kuzima, mfumo bado uko hai ndani. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete, au Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili kuiamsha upya sehemu ya picha. Usipopata jibu, subiri dakika chache kabla ya kuzima kwa nguvu. Kama taa ya Caps Lock haijibu kabisa, mfumo mzima umesimama, na hapo mimi huanza kushuku vifaa kabla ya programu.

Kabla ya yote, mafaili

Hili nalisisitiza kuliko yote mengine. Kama laptopu bado inafunguka hata mara moja kwa siku, tumia hiyo mara moja kuhamisha mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje. Usiitumie kupakua programu za kusafisha mashine. Anza na vitu visivyopatikana tena: maandishi yako, picha, vitabu vya mahesabu. Filamu utazipata tena.

Kama haifunguki lakini inafika kwenye nembo, bado unaweza kuyatoa bila kugusa Windows. Kwenye kompyuta nyingine pakua Ubuntu au Linux Mint, uiweke kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa kutumia programu ya Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo chukua iliyo tupu. Ichomeke kwenye mgonjwa, washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, uchague flashi. Ikifunguka chagua kujaribu, usichague kusakinisha. Utaona diski yako kama folda, nakili unachotaka.

Flashi hii ni kipimo pia, na kwangu hakuna kipimo kinachoishinda kwa thamani. Laptopu ikifanya kazi saa nzima ndani ya Linux, ukaangalia video bila kukwama, basi prosesa, RAM, feni na bodi zina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima, na ugonjwa uko kwenye diski au Windows. Ikiganda hata humo, usiendelee kuilaumu Windows.

Tahadhari moja. Mashine nyingi mpya, hasa zenye Windows 11, zimefungwa na BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, hata kama mwenyewe hujawahi kuiwasha. Ukitaka kufungua diski kutoka nje, au ukibadilisha mipangilio ya BIOS, utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa wengi umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Ingia kwa simu kwenye aka.ms/myrecoverykey. Kama kompyuta ni ya kazini, muulize mtu wa kompyuta wa ofisi. Utafute ufunguo huo kabla ya kugusa BIOS. Bila ufunguo hakuna fundi wa kuyatoa mafaili hayo, awe wa hapa au wa ng'ambo.

Inaganda lini?

Hili ndilo swali ninalouliza zaidi, na jibu lake mara nyingi ni utambuzi tosha.

*Inaganda baada ya dakika kumi na tano au ishirini, feni inapiga kelele, chini pamoto.* Hilo ni joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha takriban digrii 100. Zikikaribia hapo hujipunguza kasi, na zikizidi mashine hujizima ghafla. Ondoa betri au chomoa waya wake, fungua kifuniko cha chini, uangalie kati ya feni na zile mbavu za shaba au alumini. Kwa laptopu iliyokaa miaka mitatu kwenye vumbi letu utakuta zulia la kijivu limeziba kabisa. Kupuliza kutoka nje hakutoshi, zulia hilo hutolewa kwa mkono. Zuia feni isizunguke unapopuliza. Na kama hujawahi kubadilishiwa pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, badilisha hapohapo. Ya zamani hukauka ikawa kama chaki. Kisha acha kuitumia juu ya kitanda, maana shuka huziba matundu ya chini ya kuvutia hewa.

*Inaganda ukifungua mafaili au ukihifadhi kitu, kisha inaachia yenyewe baada ya dakika moja.* Diski. Fungua Task Manager utaona diski imekaa asilimia 100 huku kasi ya kusoma ikiwa karibu na sifuri. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie rangi. Buluu ni salama. Njano au nyekundu, usilale na mafaili yako humo. Hata ikiwa buluu, kwa diski ya kuzunguka angalia mistari ya 05, C5 na C6: hiyo inahesabu maeneo ya diski yaliyoharibika au yanayosubiri kuhukumiwa. Thamani ghafi inapaswa kuwa sifuri. Ile ya dada yule, C5 ilikuwa imepita mia tatu.

*Inaganda ovyo, leo wakati wa kuandika barua, kesho wakati imekaa tu, na kioo cha buluu kinakuja na ujumbe tofauti kila mara.* RAM ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Ujumbe ukiwa uleule kila siku huwa nafikiria draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani. Ukibadilikabadilika, kumbukumbu inadanganya. Ziko vipande viwili? Toa kimoja, tumia siku nzima, kisha badilisha. MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi itakuambia kwa uhakika, ila iache izunguke usiku kucha, maana mzunguko mmoja unaweza kupita bila kosa.

*Inakuwa nzito mno pale tu unapochomeka chaja, au betri haipandi.* Hii huwapita wengi. Chaja nyingi za Dell na HP zenye kichwa cha duara zina pini nyembamba katikati ambayo huiambia laptopu hii ni chaja ya wati ngapi. Pini ikipinda, au chaja ikiwa ya bandia isiyotoa taarifa hiyo, Dell hukataa kuchaji betri na kushusha kasi ya prosesa chini kabisa. Mwenye mashine anaona imeganda, anapigiwa Windows, na hali ni ileile. Ukiwasha ukaona maandishi kwamba aina ya chaja haitambuliki, tafuta chaja halisi ya kuazima ujaribu nayo kabla ya kutumia shilingi yoyote. Nilishatumia saa nzima ndani ya mashine ya mwalimu mmoja, nikatoka na kuazima chaja kwa jirani. Ikapona palepale.

Baada ya sasisho la Windows au draiva mpya, kuganda kunakoanza siku ileile hakuhitaji kutafutwa mbali: rudisha draiva ya zamani kupitia Device Manager, au ondoa sasisho.

Hakuna taa, hakuna feni

Anza nje. Chaja, soketi, waya. Chaja yenye kitaa chake mwenyewe inakupa dokezo kubwa: kama taa hiyo inazimika pale unapoichomeka kwenye laptopu na kurudi unapoichomoa, ndani ya mashine kuna shoti na chaja inajilinda. Usiendelee kuichomeka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita na anayejua kufuatilia umeme kwenye bodi.

Kama taa ya chaja inabaki, ondoa umeme uliosinzia ndani: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha chaja peke yake, washa. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina kitundu kidogo chini kinachoingia pini ya karatasi kwa kazi hiyohiyo. Ni ajabu jinsi mashine nyingi zilizotangazwa kufa zinavyoamka hapa, hasa baada ya umeme wa mitaani kukatika na kurudi kwa kishindo.

Wakati chini iko wazi, angalia betri. Ikiwa imevimba, na dalili zake kwa nje ni padi ya kugusa iliyoinuka au kifuniko kisichokaa sawa, itoe taratibu bila kuichokoa na bisibisi, na usiichaji tena hata mara moja. Betri za lithiamu zikitobolewa huwaka moto.

Kama ilimwagikiwa chai au soda: zima, chomoa, toa betri, igeuze, na usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Umeme ukikutana na unyevu wenye sukari ndipo bodi inapoungua. Kuizika kwenye mchele hakusaidii, uchafu unabaki ndani. Ifunguliwe, isafishwe kwa spiriti ya isopropili, ikauke kabisa.

Taa ipo, kioo cheusi

Zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona kwa mbali maandishi au nembo, mashine inafanya kazi, ila mwanga wa kioo umekufa. Bila tochi, chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni. Picha ikitokea huko, tatizo lako ni kioo au kebo yake, na mafaili yako yako salama.

Kama hakuna picha popote, tazama taa zinavyopepesa. Mashine hapo inazungumza na wewe. Latitude nyingi za miaka ya karibuni hupepesa rangi ya chungwa mara kadhaa kisha nyeupe mara kadhaa, zinapumzika, zinarudia. Chungwa 2 na nyeupe 3 ina maana haioni RAM. 2 na 4, RAM imeonekana ila mbovu. 2 na 7, kioo. 3 na 1, betri ndogo ya BIOS. 2 na 1 ni prosesa, na kwa laptopu nyingi za sasa hiyo ni sawa na kusema bodi. HP hutumia taa ya Caps Lock au ya umeme kwa namna yake. Hesabu kwa makini, rekodi video kwa simu, kisha tafuta maana yake kwa modeli yako kamili.

RAM ndiyo chanzo ninachokutana nacho zaidi katika hali hii, na tiba yake mara nyingi ni raba ya penseli. Chomoa umeme wote, gusa kitu cha chuma kutoa umeme wa mwilini, fungua vile vibanio viwili vya pembeni kipande kiinuke chenyewe, kitoe. Sugua meno ya dhahabu taratibu kwa raba pande zote mbili, futa chembe, rudisha kwa kukisukuma kwa pembe hadi meno yasionekane, kisha kilaze kibane. Kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, meno hayo hufifia na kuwa na ukungu. Jaribu kipande kimoja kwa nafasi moja, kisha kingine. Ukipata mchanganyiko unaowaka, umeshajua kama mbovu ni RAM au tundu lake.

Kwa aliyeongeza RAM jana na leo haiwaki: soma kibandiko. PC3L na PC3 zinaingia tundu lilelile, lakini PC3L hutumia volti 1.35 na PC3 volti 1.5. Laptopu nyingi zenye Intel kizazi cha nne zinataka PC3L tu. Ukiweka nyingine zinakaa kimya kana kwamba zimekufa. Muuzaji anaweza kukuapia ni zilezile. Sizo.

Kama giza lilianza baada ya kusasisha BIOS na umeme ukakatika katikati, bado kuna matumaini. Dell nyingi: zima, shikilia Ctrl na Esc, chomeka chaja huku umeshikilia, uachie ukurasa wa uokoaji ukitokea. HP nyingi: shikilia Windows na B, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde mbili au tatu.

Nembo inatokea, inaishia hapo

Chomoa kila kitu: flashi, printa, kadi ya kumbukumbu, hata kipokezi cha mausi. Wakati mwingine BIOS inajaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahauliwa.

Ikileta maandishi ya "No bootable device" au yanayofanana nayo, ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad) uone kama diski inatajwa. Haitajwi? Ifungue, ichomoe, irudishe vizuri, angalia na waya wake. Bado haionekani, ijaribu kwenye mashine nyingine. Inatajwa? Endesha vipimo vilivyomo ndani ya mashine yenyewe: F12 kisha Diagnostics kwa Dell, F2 kwa HP nyingi. Dell ikileta namba 2000-0142, diski imefeli mtihani wake wenyewe, na hapo hakuna cha kujadili.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umegharimu watu mafaili bila sababu. Laptopu imekaa kabatini miezi, betri ndogo ya BIOS ikaisha. Hiyo ni CR2032 katika mashine nyingi za zamani, volti 3, bei ya soda mbili hivi. Ukiwasha, tarehe imerudi miaka nyuma na mipangilio imefutika. Pamoja nayo imefutika namna ya kuzungumza na diski: ilikuwa AHCI, sasa imerudi RAID, ambayo ndiyo hali ya kiwandani kwa Dell nyingi. Windows inaanza, haiioni diski yake, inaleta kioo cha buluu chenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski nzima, Windows nzima. Rudisha AHCI, rekebisha tarehe, badilisha betri, imeisha. Yule aliyepiga Windows hapo amefuta kila kitu kwa kosa la mpangilio mmoja.

Windows inazunguka, au buluu

Hapa ndipo Windows yenyewe inapokuwa mshukiwa halali. Bado, pima diski kwanza kutoka kwenye flashi ya Linux. Programu ya Disks iliyomo ina kipengele cha SMART, taarifa ya diski kuhusu afya yake. Usikimbilie chkdsk kwenye diski unayoishuku. Kazi yake ni kurekebisha mpangilio wa mafaili, si kuokoa data, na itaisugua diski mbovu kwa masaa huku ikikata vipande vya mafaili isivyoweza kuvisoma. Diski ikiwa mbovu na mafaili ni ya maana, tengeneza kwanza picha yake nzima kwa ddrescue, programu ya Linux ya kunakili diski mbovu, kwenda kwenye diski kubwa zaidi, ukiiwekea faili la kumbukumbu la kazi. Umeme ukikatika itaendelea ilipoishia. Kisha fanya uokoaji kwenye picha hiyo, mgonjwa apumzike.

Diski ikiwa nzima, izime kwa kushikilia kitufe wakati wa vidoti, mara mbili au tatu mfululizo, na Windows italeta ukurasa wa uokoaji yenyewe. Ingia Startup Settings, kisha bonyeza 4 kupata Safe Mode. Ikifunguka humo na haigandi, chanzo ni draiva au programu inayoanza pamoja na Windows. Ondoa antivairasi ya pili kama ziko mbili. Nimeona zikipigana hadi mashine inasimama.

Isipofunguka hata humo, ukurasa huohuo una njia ya kuondoa sasisho la mwisho na njia ya kurudi kwenye tarehe ya nyuma. Hizo kwanza. Baada yake fungua Command Prompt, angalia Windows imepewa herufi gani leo, maana humo C inaweza kuitwa D, kisha:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

bcdboot C:\Windows

Ya kwanza hurudisha mafaili ya mfumo yaliyoharibika, ya pili huandika upya kianzio. Kianzio kilichoharibika kinaweza kuleta ule mzunguko wa "Automatic Repair" usiokwisha, hasa kama umeme ulikatika masasisho yakiendelea.

Na usidharau uwezekano wa kosa la programu moja tu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, viwanja vya ndege na hospitali zikasimama. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja ambalo jina lake lilianza na C-00000291. Hakuna diski iliyokufa siku ile, na hakuna aliyehitaji Windows mpya.

Ikibidi kupiga

Diski ni nzima, mafaili yametoka na umeyafungua mawili matatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka, na bado Windows haisimami: piga sasa. Kama diski ni mbovu, usipige juu yake. Nunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, kwanza. Kwa laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka, SSD ya gigabaiti 240 itabadilisha mashine kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Kumbuka kwamba Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane kwa nyingi. Kwa mashine ya kizazi cha nne inayotumika kuandika na kuingia intaneti, mimi huwawekea watu Linux Mint na wengi hawarudi kulalamika.

Baada ya matengenezo usiondoke na laptopu kwa kuona tu ukurasa wa mwanzo. Iache iwake saa mbili ukiangalia video, ifunge na kuifungua ilale na kuamka, izime kabisa kwa kushikilia Shift unapobofya kuzima, iwashe tena ikiwa baridi. Fungua CrystalDiskInfo uangalie rangi, na kwa diski ya kuzunguka 05, C5 na C6.

Ya dada yule tuliitoa diski, nikaisoma kwa ddrescue usiku kucha. Asubuhi sura ya tano ilifunguka nzima. Ya nne ilikosa jedwali mbili, ambazo alikuwa nazo kwenye barua pepe aliyomtumia msimamizi wake. Aliondoka na SSD mpya, na tasnifu ikiwa sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi iliyoning'inia kwenye funguo zake, na kwenye barua pepe yake mwenyewe.